Rumonge Hadi Kiwanja cha Ndege: Maelezo ya Safari Fupi

Safari ya kutoka Rumonge kwenda kupanda ndege Bujumbura haifiki kilomita 90. Kilomita 75 hivi za kwanza ni za barabara ya taifa namba 3, RN3 midomoni mwa watu, inayofuata ukingo wa Ziwa Tanganyika kwenda kaskazini. Zilizobaki ni za kuukata mji, maana kiwanja kiko upande wa pili wa Bujumbura, kwenye tambarare ya mto Rusizi, njia ya Gatumba. Hakuna kivuko wala mpaka. Mtoto wa shule ya msingi akipewa hesabu hiyo, gari likienda kilomita 60 kwa saa, atajibu saa moja na nusu na kupata alama zake zote. Msafiri mwenye ndege ya saa tisa alasiri hutoka nyumbani alfajiri, na majirani humlaumu kwa kuchelewa.

Safari za kwenda kiwanja cha ndege zina bingwa wake, naye yuko Shanghai, China. Treni ya sumaku ya mji huo ilianza kubeba abiria wa kawaida mwanzoni mwa 2004. Hutoka kituo cha Longyang Road hadi kiwanja cha Pudong, kilomita 30, na kwa miaka mingi ilizimaliza kwa dakika 7 na sekunde 20, kasi yake ya juu ikifika kilomita 431 kwa saa. Tangu 2021 imepunguzwa mpaka 300, na dakika zikawa 8. Ikiwa mwendoni haikanyagi kitu. Chini ya behewa kuna mikono ya chuma inayoukumbatia ukingo wa njia kwa chini, na kwenye mikono hiyo zimefungwa sumaku za umeme zinazojivuta kwenda juu kuelekea reli. Zikiachiwa zingeng'ang'ania reli moja kwa moja. Kwa hiyo mtambo hupima nafasi iliyobaki bila kupumzika na kuongeza au kupunguza umeme, ili nafasi hiyo isizidi wala isipungue sana sentimita moja, unene wa ndagala, yaani dagaa, aliyekauka vizuri. Injini nayo haimo ndani ya treni. Imetandazwa njiani, urefu wote wa njia, na kazi yake ni kupeleka mawimbi ya sumaku mbele ili treni iyafuate. Ufundi huo ni wa Wajerumani, huitwa Transrapid, na chanzo chake ni hati ya uvumbuzi aliyopewa Hermann Kemper mwaka 1934.

Kwa mwendo wa Shanghai wa enzi zile, Rumonge hadi kiwanjani ingekuwa dakika 20 na ushei. Hesabu hiyo ni sahihi, ila inaanza kuhesabu pale chombo kinapoondoka. Huko Rumonge, hapo ndipo inapoishia sehemu iliyo ngumu.

Gari la abiria, liwe Hiace au Probox, haliondoki kwa saa. Linaondoka likijaa. Konvoyeri, ndiye konda, huimba jina la Bujumbura kwa sauti ya mtu aliyekwisha tia gia, na shoferi huunguruma injini kidogo ili kuthibitisha maneno hayo. Msafiri mgeni hufurahi akiona gari lina watu tele na kimebaki kiti kimoja. Hulipa, huingia, huweka mkoba miguuni. Kisha kijana aliyekaa dirishani hushuka kwenda kununua maji na harudi. Mwenzake humfuata. Baada ya robo saa hubainika kwamba nusu ya waliokuwa ndani hawaendi popote. Walikaa kusudi gari lionekane limekaribia kujaa, na sasa wamehamia gari la nyuma kufanya kazi hiyohiyo. Mazungumzo ya mlangoni nayo yana kanuni zake.

"Mama, ingia, imebaki nafasi moja."

"Moja ya nani? Sisi tuko watatu."

"Ndiyo hiyo yenu, mama."

Na kweli wataingia watatu. Probox ilitoka kiwandani na viti vitano, dereva akiwemo, lakini kiwanda hakikuuliza mtu Rumonge. Kiti cha mbele hubeba wawili. Wa tatu hukaa upande wa dereva, juu ya breki ya mkono au karibu nayo, na dereva huegemea mlango, bega likiwa nje ya dirisha, akibadilisha gia kwa kuomba radhi kila mara. Nyuma hukaa wanne, na wa tano ni mtoto ambaye umri wake hushuka ghafla wakati wa kulipa nauli. Jambo la kushangaza ni kwamba mpango huu una nidhamu kubwa: kila abiria hujua ni bega lipi la kusogeza mbele na lipi la kurudisha nyuma, na akishuka mmoja njiani, pale Minago, wote hulalamika baridi.

Wenye uwezo hukodi gari zima, na hapo ndipo ukoo unaposikia habari. Kwa desturi za mwambao huu mtu hasindikizwi na mtu mmoja. Anayekwenda kusoma, kuhiji Makka au kumfuata mume Ulaya hufuatana na mama, shangazi, baba mdogo, shemeji wawili, jirani aliyewahi kufika kiwanjani na kwa hiyo ndiye mtaalamu wa msafara, na mzee mmoja wa dua. Gari lililokodiwa ili lisisubiri kujaa hujaa kabla halijaletwa. Imewahi kuonekana msafiri mwenyewe akibaki bila kiti, na shangazi akapendekeza atangulie kwa pikipiki.

Kuhusu mzigo, ni lazima kusema kwa kirefu, kwa sababu madhara mengi ya safari hii hayatokani na barabara bali na mzigo. Mashirika mengi ya ndege huruhusu kilo 23 kwa valizi moja ya kawaida. Rumonge ni mji wa michikichi na samaki, na aliyeko Bruseli au Ottawa hapelekewi salamu tupu. Valizi hubeba ndagala waliokaushwa, mikeke ya kubanikwa iliyofungwa kwa magazeti na kufungwa tena kwa kitenge, unga wa muhogo, na bidoni ya mawese. Ndagala hana matatizo ya kisheria: Umoja wa Ulaya humkatalia msafiri nyama na maziwa kutoka nchi za namna hii, lakini humruhusu samaki kwa matumizi yake mwenyewe mpaka kilo 20. Tatizo la ndagala ni harufu, ambayo haiombi ruhusa ya Umoja wowote. Nguo za kuvaa Ulaya huwekwa valizi hiyohiyo, na koti jipya la baridi hufika likijulisha watu lilikotoka.

Bidoni ya mawese inastahili aya yake. Mafuta haya huganda yakipata baridi, na huwa maji kabisa kwenye joto la ukingoni mwa ziwa. Maana yake ni kwamba ndani ya tumbo la ndege, kwenye ubaridi, bidoni ni salama. Hatari yote iko kati ya Rumonge na kiwanjani. Mama mtu hufungua kizibo, hutandaza kipande cha nailoni juu ya mdomo, hukaza kizibo kwa nguvu, huigeuza bidoni chini juu na kuitikisa mbele ya mashahidi, na halitoki hata tone. Huizungushia karatasi ya gundi, huiweka katikati ya nguo. Kwenye tuta la tatu la barabarani valizi, ambayo imesimamishwa kwa ubavu ili shemeji apate pa kuweka miguu, hupata pigo, na kizibo huachia kwa utulivu mkubwa. Hakuna anayejua mpaka karibu na Kabezi, pale jirani mtaalamu anapouliza kwa nini soksi zake zimekuwa rangi ya machungwa. Sabuni ya mche hupunguza doa la mawese, lakini kuliondoa haiwezi. Wapo wanaopata akili ya kuihamishia bidoni kwenye mkoba wa mkononi. Hao hukutana na sheria ya mililita 100 mbele ya mashine ya ukaguzi, na mafuta ya mti aliopanda babu huachwa kwenye pipa mbele ya macho yao.

Kuna pia mafuta ya aina nyingine. Tangu mwaka 2021 hivi Burundi imepita vipindi virefu vya uhaba wa esansi na mazutu. Vituo vikikauka, mafuta huonekana kwenye chupa na madumu, yakiwa yamevuka kutoka Kigoma au Uvira, kwa bei inayotegemea uso wa mnunuzi. Shoferi mwenye busara huanza safari na kiasi cha kumfikisha kwa mtu anayemjua. Hapo gari husimama chini ya mwembe, mpira huingizwa kwenye dumu, kijana huvuta kwa mdomo, hutema, hukohoa, na abiria wote hutazama saa zao kwa pamoja. Konvoyeri husema ni dakika mbili.

Barabara yenyewe ni nzuri kuitazama. Kutoka Rumonge hupita mashamba ya michikichi, Minago, Magara, ziwa likiwa kushoto wakati wote na milima ya Congo ng'ambo ya maji. Karibu na Gitaza mlima umesogelea ziwa mpaka barabara imebanwa katikati, na mvua kubwa zikinyesha udongo na mawe hushuka kuja kuchangia nafasi. Ziwa nalo lilipanda miaka ya karibuni. Mwaka 2024 maji yaliingia kwenye mitaa ya Rumonge na huko Gatumba, kaskazini kabisa. Mwaka 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika ilikubali kugharamia matengenezo ya kipande cha kilomita 45 kati ya Rumonge na Gitaza. Kwa msafiri wa ndege, kila kipande cha lami mpya huja na tuta jipya, na kila tuta huja na mwanamke mwenye beseni la mikeke anayejua kwamba hapo gari litapunguza mwendo. Baba mdogo hununua. Mikeke mibichi hiyo haiendi Ulaya. Itarudi Rumonge jioni, baada ya kushinda juani kiwanjani.

Bariyeri za polisi ni jambo la kupita haraka, angalau kwenye maandishi. Gari husimama, shoferi hushuka na karatasi zake, abiria hunyamaza na kujaribu kuonekana wachache.

Wako wanaouliza kwa nini watu wasipite ziwani. Jaribio maarufu kuliko yote lilifanyika Novemba 1871, pale Livingstone na Stanley walipotoka Ujiji kwa mtumbwi, wakapita mbele ya fukwe hizihizi kuelekea kaskazini. Huko Mugere, kilomita 12 hivi kusini ya Bujumbura, kuna jiwe kubwa lililochongwa majina yao na tarehe 25 Novemba 1871. Watalii huambiwa mara nyingi kwamba hapo ndipo wawili hao walipokutana, ingawa walikuwa wamekwisha kukutana Ujiji na kuamkiana vya kutosha. Walifika mpaka mdomo wa Rusizi, wakahakikisha kwamba mto unaingia ziwani na hautoki, wakarudi. Kwenda na kurudi kuliwachukua karibu mwezi mzima, wakiwa na wapiga makasia na bila bidoni. Kwa vile Rusizi hupita magharibi ya kiwanja cha leo, hiyo nayo ilikuwa safari ya kuelekea upande wa kiwanja cha ndege, na bado inatajwa na shoferi abiria wakianza kulalamika.

Treni je? Burundi haijawahi kuwa na reli. Kwa karne nzima mzigo umefika kwa gari moshi mpaka Kigoma, kisha meli mpaka Bujumbura. Januari 2025 Tanzania na Burundi zilitia saini mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Uvinza hadi Musongati, kilomita 282, kuunganika na ile inayotoka Dar es Salaam, ambayo treni zake za umeme zimesanifiwa kwa kilomita 160 kwa saa. Musongati iko ndani sana, milimani, kwenye nikeli. Rumonge itazisikia treni hizo kwenye redio. Ama ya sumaku, ukanda huu haungeifaa. Chombo cha kasi ile kinataka kona pana za kilomita kadhaa, na RN3 hupinda kila ghuba inapopinda. Kuinyoosha ni ama kutoboa milima ama kusimika nguzo katika ziwa ambalo kina chake, pahali pa chini kabisa, ni mita 1,470.

Wala si Burundi peke yake iliyoikosa. Uwanja wa ndege wa Birmingham, Uingereza, ndio uliokuwa wa kwanza duniani kutoa huduma ya kawaida ya abiria kwa treni ya sumaku, kuanzia 1984: mita 600 hivi, kutoka stesheni ya reli mpaka jengo la abiria, kwa mwendo wa baiskeli inayoteremka. Iliharibika mara kwa mara, vipuri vikawa shida, na mwaka 1995 ikafungwa. Kilichokuja kuchukua nafasi yake ni basi. Konvoyeri yeyote wa Rumonge angeweza kuwaambia. München nayo ilitaka ya kwake, kilomita 37 kwa dakika 10. Mwaka 2002 Waziri Kiongozi wa Bavaria, Edmund Stoiber, aliieleza faida yake katika hotuba iliyojikanyaga hivi kwamba Wajerumani wanaicheka mpaka leo, na mwaka 2008 gharama zilipopita euro bilioni 3 mradi ukazikwa.

Kuingia Bujumbura, msafiri hutokea Kanyosha akiwa bado na matumaini. Gari la abiria lina mwisho wake, na mwisho huo si kiwanjani. Hapo ni kubadilisha chombo, na tangu Machi 2022 pikipiki, tuktuk na taksi za baiskeli haziruhusiwi katikati ya mji, hivyo valizi husafiri kwa awamu: kipande kichwani, kipande kwa tuktuk mpaka linapoishia eneo lake, kipande kwa taksi ambayo shoferi wake amekwisha kusikia neno "ndege" na kupanga bei inayolingana nalo. Busara ya wenyeji ni kumwambia shoferi kwamba anakwenda Gatumba kuona mgonjwa, kisha kukumbuka njiani.

Kiwanja cha Bujumbura kilipewa mwaka 2019 jina la Melchior Ndadaye, rais wa kwanza aliyechaguliwa kwa kura za vyama vingi, mwaka 1993. Jengo lake la abiria ni la paa za mviringo zilizovimba, na picha ya familia nzima mbele yake ni sehemu ya safari, hata ndege ikiwa imewashwa. Wasindikizaji huishia nje. Ndani kuna mizani.

Mizani ya sokoni Rumonge ilikuwa imesema kilo 22 na nusu. Hii husema 29. Mjadala kuhusu mizani ipi ni ya kweli hauna msaada, kwa kuwa moja inauza na nyingine inanunua. Valizi hufunguliwa sakafuni, mbele ya foleni, na siri za ukoo hutoka moja moja: ndagala, kitenge, ndagala wengine ambao msafiri hakuwa na habari nao, waliochomekwa na shangazi usiku. Watu wa foleni, ambao dakika iliyopita walikuwa wageni, hutoa ushauri. Koti huvaliwa, na koti jingine juu yake, kwenye joto la nyuzi 30. Unga wa muhogo hurudishwa nje kwa baba mdogo, ambaye sasa ana unga, mikeke na soksi za jirani. Yule msafiri hupita ukaguzi akitembea kwa shida, akinukia Rumonge, amebakiwa na nusu saa.

Mfanyabiashara akiendelea mpaka Shanghai, kwa kupitia Addis Ababa, ataipanda hiyo treni ya bingwa kwa yuani 50, au 40 akionyesha tiketi ya ndege. Ataingia behewani, atachagua kiti karibu na mlango, ataona watu sita na viti vitupu vingi, na atatulia kusubiri. Dakika ikifika milango itafungwa na treni itaondoka na viti vyake. Hakuna atakayeita abiria, hakuna atakayeketi kwa kusaidia. Katika miaka yake ya mwanzo njia hiyo iliripotiwa kupata hasara kubwa, na sababu mojawapo ilikuwa hiyo hiyo: viti. Sababu nyingine ni kwamba Longyang Road iko mbali na katikati ya mji, kwa hiyo abiria aliyeruka kilomita 30 kwa dakika 8 hushuka na valizi yake, huteremka ngazi, na kujiunga na foleni ya metro namba 2. Metro hiyohiyo hufika Pudong yenyewe, kwa bei ndogo, bila kubadilisha. Huenda polepole, husimama kila kituo, na imejaa.